Hita Chini ya Kitanda

Jumatatu, 9 Januari

Baridi imekaza. Leo nimefundisha jiografia, joto la ikweta, huku meno yakigongana kama kete. Wanafunzi wamecheka. Wacheke tu, wamezaliwa humu.

Lakini jioni! Nikafunga mlango, nikavuta kutoka chini ya kitanda mpenzi wangu wa siri: hita ya umeme, ndogo kama kuku anayeatamia. Nikaweka soksi za sufu juu yake mpaka zikapata moto. Nikazivaa. Chai ya tangawizi mkononi, dirisha limeganda barafu, miguu iko peponi. Raha gani tena anataka binadamu?

Tatizo moja. Hita ni marufuku katika nyumba hii ya walimu, kwa kuwa nyaya za ukutani ni kuukuu. Tangazo limebandikwa ukumbini: atakayekutwa nayo, mkataba wake umekwisha, anarudishwa kwao. Mimi kwetu wamenichinjia mbuzi wakati wa kuniaga! Nirudi eti kwa ajili ya soksi?

Jumanne, 10 Januari

Umeme umekatika tena. Kumbe nikiwasha hita na jirani akiwasha pasi, fyuzi inaruka. Jirani ni Dada Filimbi, mwalimu wa muziki. Ametoka nchi ile ile kama mimi, ila amenitangulia hapa miaka mingi. Ananiita mdogo wangu kwa sauti ya mtu anayemwambia paka ashuke mezani.

Mara nikasikia koridoni: chwa, chwa, chwa. Mtunza nyumba! Namwita Bwana Funguo, kwa jinsi shada lake la funguo linavyolia kiunoni. Roho juu. Nikasukuma hita chini ya kitanda ikiwa bado ya moto, nikaketi juu kama sultani. Akauliza nani anakula umeme wote huu. Nikasema mimi hata taa naionea huruma. Akauliza mbona natoka jasho. Nikasema homa. Akasema atamleta daktari wa shule. Nikasema homa imepoa.

Ameondoka, lakini amegeuka mara mbili kunitazama.

Jumatano, 11 Januari

Heri lawama kuliko fedheha, na heri lawama ya mwenzako. Nimemnong'oneza Bwana Funguo kwamba kuna chumba korido hii ambacho ukuta wake una moto wa ajabu. Jina sikutaja. Nilielekeza kwa kidevu tu.

Amekwenda kupekua. Hita hakuna. Kakuta birika la umeme, nalo limekatazwa, ingawa adhabu yake ni ndogo. Kalibeba. Dada Filimbi kapewa onyo.

Jioni amenigongea. Nikajua leo ndiyo leo! Kumbe kasikia nina homa. Kaniletea blanketi lake zito, kanishika paji la uso, kasema nimuite nikizidiwa. Nimekosa raha kabisa. Hita ilisaidia.

Jumamosi, 14 Januari

Naandika dirisha likiwa wazi, moshi utoke.

Mchana nilitandaza soksi juu ya hita, nikashuka jiko la pamoja kuchukua chai. Kule nikakuta biskuti. Nikakaa. Kupanda juu, korido moshi! Soksi zinawaka, ulimi wa moto umeshika pindo la pazia. Mimi nikafanya nini? Nikamwagia chai. Kikombe kimoja! Cheche zikaruka, chumba kikanukia tangawizi, moto ukaendelea na shughuli zake.

Dada Filimbi akanipiga kumbo, akachomoa waya ukutani, akalivuta pazia chini, akafunika kila kitu kwa blanketi lile lile na kulikanyagakanyaga. Moto ukazimika. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

Chwa, chwa, chwa. Bwana Funguo mlangoni. Akauliza hita ni ya nani. Dada Filimbi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Sijawahi kuona sakafu ndefu vile.

"Yangu," akasema. "Nilimwazima mgonjwa."

Tulipobaki wawili, nikaanza kuokota majivu ya soksi.

"Wewe wangekupakia ndege kesho," akaniambia. "Mimi wamenizoea, watanisumbua tu. Lakini mdogo wangu, Jumatano mlango wangu ulikuwa wazi. Kidevu chako nilikiona."

Heri angenizaba kofi.

Jumatatu, 16 Januari

Mkuu wa shule ameamua. Dada Filimbi habanduki kazini, ila kwa adhabu anahamia darini, chumba kisicho hata na soketi. Nimembebea mizigo mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, machozi yananilenga. Nikaapa: hila basi! Nimekuwa mtu mwingine.

Akafungua mlango. Joto! Mabomba yote ya maji moto ya nyumba nzima yanapita mle, manene kama mapaja. Akavua viatu. Akavua soksi. Pekupeku, Januari! Akacheka mpaka akaketi, akaniapisha nisimwambie mtu.

Nimeshuka chumbani kwangu. Barafu. Nimekumbuka kwamba kule darini kuna mlango wa pili.

Alhamisi, 19 Januari

Darini mtu hapelekwi ila kwa adhabu. Sawa. Hita ni kufukuzwa, lakini birika? Nimeazima la mwalimu wa kemia, nikaliweka dirishani lionekane uani. Bwana Funguo kapita, kanipungia mkono. Nikaliweka koridoni. Kaliruka. Nikamwita, nikamwonyesha kwa kidole. Kasema mgonjwa anahitaji cha moto, yeye hajaona kitu. Mtu huyu ameanza lini kuwa na huruma? Nimelibeba mwenyewe mpaka kwa mkuu!

Jumapili, 22 Januari

Nimehukumiwa. Chumba cha pili darini kimejaa viti vibovu. Nimepewa cha chini kabisa, jirani na stoo ya makoleo ya theluji. Naandika nimevaa glavu. Pumzi yangu naiona.

Dada Filimbi ameshuka kunitazama. Kasema kesho twende pamoja kwa mkuu, niombe radhi kiungwana, nitarudishiwa chumba changu. Nimemwambia nitafikiria.

Nifikirie nini? Nimeweka shavu ukutani: pana vuguvugu! Bomba linapita ndani, nyuma ya plasta, nimelisikia likinguruma. Kesho naazima nyundo. Katundu kadogo tu, ka kupashia miguu.