Matanga ya Troyeville Yasiyo na Marehemu

Sauti ndiyo iliyotangulia. Ilipita ukutani, nyembamba, ikapanda, ikatetemeka huko juu, ikakatika. Kimya. Ikaanza tena kutoka chini, ikapanda, ikakatika palepale. Hivyo ndivyo mkesha wa Krismasi ulivyoanza kuniharibikia, ndugu zangu, na nawaandikia haya nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu makochi yako barazani yamelowa. Leo nimejiaibisha mbele ya mabara mawili kwa mpigo mmoja.

Niwaeleze kwanza tunavyoishi. Nyumba hii ya Troyeville tunapanga wawili: mimi, na Luz, muuguzi kutoka Ufilipino. Hospitali anayofanyia kazi humpangia zamu sikukuu zote, kwa sababu wenye watoto hapa Joburg ndio wanaofikiriwa kwanza. Luz naye ana mtoto, ila wa kwake yuko mbali, kwa hiyo hahesabiwi.

Mtoto anaitwa Jasmin, ana miaka kumi na miwili. Tangu aambiwe kwamba hata Krismasi hii mama yake haendi nyumbani, amekataa kuongea naye. Simu ikilia, anaingia chumbani na kujifungia. Leo asubuhi, tukinywa chai, Luz aliniambia hivi: "Jioni ya hapa ni usiku wa manane kwetu. Familia nzima itakuwa mezani, watanipigia kwenye kompyuta. Mama ameahidi kumleta Jasmin. Asipokuja leo, sijui nitamwita kwa njia gani tena."

Halafu akaongeza kwamba presha ya mama yake imepanda, tumwombee. Nikasema tutamwombea. (Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nimekaa kwenye kochi.)

Basi alasiri nilikuwa mezani na riwaya yangu. Wenzangu wa kikundi cha waandishi hulalamika kwamba kila baada ya kurasa chache namzika mtu. Masikio yangu, kwa maneno mengine, yalikuwa tayari yamezoea kilio. Niliposikia ile sauti, niliweka kalamu chini.

Nikatoka polepole. Mlango wa Luz ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona amekaa kitandani, macho mekundu, mashavu yamelowa, ameshika picha ya mama yake. Akafungua mdomo, sauti ikapanda, ikakatika. Akaibusu ile picha.

Sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo wengine mtasema ningebisha hodi. Kwetu Morogoro mfiwa hahojiwi. Humsimamii mlangoni ukamuuliza ni nani, alikuwa anaumwa nini, ilikuwa saa ngapi. Unarudi nyuma kimya, unaita watu, mnakuja pamoja, mnakaa naye chini. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo. Nikavua viatu nisisikike, nikatoka, nikavuka barabara mbio.

Ng'ambo anaishi Mama Divine, Mrundi, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani. Nilimkuta anakaanga sambusa za sikukuu.

"Mama Divine, Luz kafiwa."

Akaweka mwiko chini. "Na nani?"

"Na mama yake."

"Amekwambia?"

"Nimemwona analia na picha."

"Yesu wangu. Siku kama ya leo." Akazima jiko. "Yuko na nani?"

"Peke yake."

"Mfiwa yuko peke yake, na weye umesimama jikoni kwangu? Rudi. Hapana, ngoja. Beba mkeka."

Kama hamjawahi kuona wahamiaji wa mji huu wakipata habari ya msiba, basi hamjaona kitu kinachokwenda kasi. Mama Divine alipiga simu mbili tu. Kabla sijamaliza kuukunja ule mkeka, akina mama watano wa kwaya walikuwa getini, vichwa vimefungwa vitambaa, kanga viunoni, mmoja na birika, mwingine na sufuria ambayo hakuna aliyemuuliza ina nini. Nyuma yao akaja kaka Otieno, Mkenya wa benki, ambaye hajawahi kuona watu watatu wamesimama pamoja asiwaundie kamati. Alikuwa ametoka kwenye sherehe ya kazini na bado alikuwa amevaa kofia nyekundu ya Krismasi.

"Poleni sana," alisema kwa huzuni ya kweli, kile kishada cheupe kikining'inia sikioni. "Nani anashughulikia tiketi yake ya kwenda kuzika?"

"Vua kofia kwanza," Mama Divine akamwambia.

Tulipoingia, Luz hakuwepo chumbani. Alikuwa bafuni. Bafu letu liko uani, paa lake ni bati tupu, na mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga. Aliyemo ndani hasikii hata mawazo yake.

"Amekwenda kulia asionekane," Mama Divine alisema. "Mwacheni anawe uso. Tumtayarishie hapa."

Tukatayarisha. Makochi yakatolewa barazani ili watu wakae chini. Mkeka ukatandikwa sebuleni. Dirishani ilining'inia nyota kubwa ya karatasi aliyoitengeneza Luz kwa mikono yake, ina taa ndani, inawaka nyekundu, kijani, nyekundu, kijani.

"Zima hiyo," Mama Divine akaniagiza. "Hapa si baa."

Nikaizima. Iliniuma, ni nyota nzuri, lakini nikaizima.

Halafu meza. Mezani kulikuwa na sinia la tambi za kukaanga na kamba wadogo na mboga, jibini la mviringo lenye ganda jekundu, zabibu, na keki. Luz alipika tangu alfajiri ili ale saa ileile na watu wake, wao upande wao wa dunia, yeye upande huu. Nilijua. Aliniambia mwenyewe. Lakini Otieno alipotikisa kichwa na kusema, "Aki, huyu dada, amefiwa na bado amewapikia waombolezaji," sikumsahihisha. Nikapokea sahani kama wengine. (Tambi zilikuwa tamu sana. Nalisema hili kwa aibu.)

Sinia lilipokuwa linaelekea mwisho, Mama Divine akafuta mdomo, akaanzisha wimbo wa maombolezo wa Kirundi. Wenzake wakapokea kwa sauti za chini. Sijui Kirundi, lakini wimbo ule ulinishinda. Nililia. Nililia kwa ajili ya bibi kizee nisiyemjua, kwa ajili ya Luz aliyemkosa, na kwa ajili ya mama yangu aliye mbali na mzima wa afya. Otieno naye alikuwa anafuta macho kwa ile kofia.

Ndipo kompyuta ikaita.

Ilikuwa kwenye stuli pembeni, imefunguliwa, imeelekezwa sebuleni moja kwa moja. Luz aliiacha tayari. Sote tukaitazama.

"Ni ndugu wa marehemu," Mama Divine alisema. "Pokea, Mwandishi. Usiwaache wanaita."

Nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikapokea.

Sebule yote ya Ufilipino ikajaa kwenye kioo. Watu wengi, wamevaa vizuri, wamebanana, taa za rangi nyuma yao, meza ya chakula kama ile tuliyokwisha kuila. Wote walikuwa wanacheka, wanapunga mikono, wanapiga kelele za heri ya Krismasi kwa lugha yao. Katikati alikaa bibi mmoja mwenye gauni jekundu.

Kisha wakatuona. Furaha ikawatoka usoni mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele kwenda nyuma. Sasa naelewa walichokiona: chumba cha binti yao hakina taa wala kochi, wanawake wamejifunga kanga wanalia sakafuni, mwanamume amesimama ameinamisha kichwa. Na binti yao hayupo.

Bibi wa gauni jekundu akasogea karibu. "Luz yuko wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Sikujibu swali. Mimi ni mwandishi, nilikuwa na hotuba. "Mama," nikasema nami kwa Kiingereza, machozi yananitiririka, "hakuna maneno yanayotosha usiku wa leo. Sisi majirani tumepokea msiba huu kama wetu. Hamko peke yenu. Tumeshaanza kulia naye hapa."

(Hilo "naye" halikusikika. Radi ilipiga.)

Otieno akainama nyuma ya bega langu. "Kuhusu safari msiwe na wasiwasi," akawaambia kwa sauti ya kikao. "Kamati itahakikisha anafika nyumbani."

Halafu yule bibi akashika kifua, akatoa yowe, na familia nzima ikalipuka. Sebule ile ikawa msiba wa kweli mbele ya macho yangu. Mtu akaangusha sahani. Mwingine akapiga ishara ya msalaba tena na tena kama mtu anayefukuza nzi. Mama Divine, aliposikia kilio, akadhani wametuitikia, akapandisha wimbo.

Na kutoka nyuma kabisa, kutoka kwenye mlango uliokuwa umefungwa, akatoka mtoto wa kike na nguo za kulalia. Alipenya katikati ya watu wazima. Akafika mbele, akashika kompyuta yao kwa mikono miwili hadi uso wake ukajaa kioo chote, akaita, "Mama. Mama. Mama."

Hapo mlango wa uani ukafunguka. Luz akaingia, sare nyeupe ya zamu, nywele zinachuruzika maji, taulo begani. Akatutazama. Akatazama mkeka. Akatazama sinia.

"Kuna nini hapa?"

Wale wa kwenye kioo walimwona nyuma yangu, mzima, mweupe kuanzia shingoni hadi miguuni. Yowe lililofuata lilikuwa la aina nyingine. Kuna mjomba mmoja hadi naandika sasa sina hakika kama amerudi sebuleni.

"Luz," nikasema, "pole na msiba wa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Luz akanyoosha kidole. Akaelekeza kwenye kompyuta, kwenye gauni jekundu. "Mama yangu yule pale."

Bibi akawa ameshavua kandambili. Aliipiga kwenye kioo mara mbili, akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa: "Nani kati yenu ameniua?"

Mama Divine alisimamisha wimbo. Akageuka polepole, na kina mama wote wa kwaya wakageuka naye, na Otieno akageuka, na familia nzima ya Ufilipino ikanitazama kutoka pale kwenye stuli.

"Sasa Mwandishi," Mama Divine alisema, "aliyekufa ni nani?"

Nikanong'ona kwamba nilimsikia Luz akilia na picha.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," Luz alisema. "Ni wimbo niliokuwa nikimwimbia Jasmin alale, alipokuwa mdogo. Nilitaka nimwimbie leo. Pale juu sauti hunikatika."

"Na machozi?"

"Wimbo wenyewe una machozi." Ile picha alikuwa nayo mfukoni, akanionyesha. Bibi na mjukuu. Kidole chake gumba ndicho kilichokuwa kimemfunika mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa bado anaita. Luz alimsikia wakati huohuo, nadhani, kwa sababu taulo lilimwanguka na akanisukuma (kwa nguvu, na nilistahili) akapiga magoti mahali nilipokuwa. Hawakusalimiana. Jasmin alimkaripia. Alimkaripia kwa kwikwi, kwa lugha tusiyoijua, muda mrefu, miezi yote ile ikitoka kwa pamoja, na Luz anaitikia tu, kiganja chake kimebandikwa kwenye kioo. Wimbo haukuimbwa. Haukuhitajika. Akina mama wa kwaya, ambao hawakuelewa neno hata moja, walilia upya, mara hii bila kuniuliza sababu.

Kisha wakaondoka kimyakimya na birika lao. Mama Divine alinipita, akarudi, akainua upande mmoja wa mkeka, akaona nimeukalia, akauacha. Otieno aliniinamia. "Kamati imevunjwa," alisema.

Tukabaki wawili. Luz alikuwa amekata simu, anafunga viatu vya zamu.

"Mama yangu anataka namba yako," alisema.

"Ya nini?"

"Anataka kukutukana vizuri, siku ambayo si Krismasi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jasmin ameniuliza narudi lini," akasema. "Nimemwambia Machi."

"Umepewa likizo?"

"Sijaomba. Nikifika kazini ndipo namwomba matroni, akikataa naacha kazi." Akakaza fundo la kiatu. "Mtoto ameniona nimekufa, akaniona nimerudi. Siwezi kumwambia tena asubiri mwaka mwingine."

Nilitaka kusema pole, lakini neno hilo leo nimelichosha. Nikaanza kukusanya sahani chafu pale mkekani. (Mtakaocheka, chekeni. Ila msichekee karibu na geti la Mama Divine, mimi bado nina siku nyingi za kupita pale.)

Luz akachukua mwavuli. Akauruka mkeka, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.