Ombi la Kumrudisha Gavana Mstaafu Kazini

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni fundi viti, mdogo wake mtangulizi wako. Shule niliishia darasa la saba. Uchumi nimejisomea kwenye magazeti ninayotandika chini nikipaka vanishi. Naomba kwa heshima zote Benki Kuu imchukue kaka yangu, maana alivyorudi sivyo alivyoondoka.

Mlipomwajiri kitengo cha utafiti alikuwa kijana msema kweli. Akiona suruali yako imechanika anakwambia, tena mbele za watu. Mkampandisha: mkuu wa kitengo, mkurugenzi, naibu, mwisho gavana mihula miwili, saini yake kwenye kila noti. Njiani humo mkamfundisha kwamba neno moja la gavana hutikisa soko. Sasa amestaafu. Soko limeshamsahau, yeye bado. Malalamiko ni haya:

1. Shemeji akimuuliza kama chumvi imekolea, anajibu kuwa dalili za awali zinaridhisha. Mama wa watu kapika miaka thelathini na minane, leo hajui kama anajua kupika.

2. Paa la sebuleni lilipovuja nilitaka kupanda. Akanizuia, eti uvujaji ni wa mpito. Tukaweka ndoo. Wiki ya tatu akatangaza, kavaa tai, kwamba kasi ya ndoo kujaa imepungua. Mheshimiwa, mvua ilikuwa imekatika.

3. Dukani jirani alimuuliza kwa utani kama sukari itapanda. Akatazama juu, akanyamaza. Kufika saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umenunua sukari, nami nikiwamo. Bado ninayo.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wazee wa kijana mmoja mwenye malori mawili walikuja kumposa binti yangu. Kaka ndiye mkubwa wetu, nikamwachia jibu. Akavaa miwani, akasema: "Familia inafuatilia hali kwa karibu. Tamko litatolewa robo ya mwaka ijayo." Mjomba wa kijana akaninong'oneza, "Ndugu yangu, hiyo ni ndiyo au siyo?" Nikamwambia mimi ni fundi viti. Robo tatu zimepita. Kila robo wanakuja, wanavua viatu, kaka anasoma karatasi: uamuzi wa awali unabaki vilevile. Sasa mjomba kasema Jumamosi hii ndiyo mwisho. Mimi nimekonda kwa mawazo; binti, kila baada ya tamko, anamwongezea baba yake mkubwa chai.

Kwa hiyo mrudisheni, hata kwenye chumba kisicho na simu. Kiti nitatengeneza mwenyewe, cha kuzunguka, bure. Ikishindikana, mpeni barua yenye muhuri inayomruhusu kusema ndiyo au hapana kabla ya Jumamosi.

Nisalimie makarani wote, na mlinzi wa getini aliyenirudisha mara mbili nilipoleta haya kwa mdomo.

Wako kwa unyenyekevu na sukari nyingi,
Fundi viti

N.B. Nilimpa binti barua hii anirekebishie herufi. Kasoma, kakaa chini. Kumbe siku ile ya kwanza, wageni hawajaingia, alimfuata baba yake mkubwa jikoni akamwambia hamtaki yule kijana, na anaogopa kuniambia kwa jinsi nilivyoyapenda yale malori. Nimekwenda kumuuliza kaka kama ni kweli. Kasema hana la kuongeza kwenye tamko lililopita. Basi Mheshimiwa, msimchukue. Jumamosi wageni nitawajibu mwenyewe, kwa neno moja, na soko litikisike likitaka.