Mshale wa Mzenga

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nzima nimeendesha gari. Mwili ulikuwa masijala, majalada yamenizunguka, kalamu mkononi, lakini mguu ulikuwa unakanyaga mafuta. Barabara nyekundu. Ukungu wa vilima vya Kisarawe unapasuka mbele ya kioo na kujifunga tena nyuma yangu. Nikaikata kona moja nzuri sana, nikaangusha chai ya bosi. Bosi akauliza kama naumwa. Nikasema kidogo.

Sijui kuendesha gari. Si hoja. Hata kocha wa mpira hachezi.

Mbio zinaanza keshokutwa: Ijumaa ukaguzi wa magari hapa Kibaha, Jumamosi Msimbu, Jumapili Mzenga. Jioni kijiweni kwenye kahawa hapakuwa na habari nyingine. Sisi wa Kibaha tuna Melkiori. Kisarawe wana Firdausi, mwanamke mwembamba, mpole, aliyetushinda miaka mitatu mfululizo. Latifu, ambaye tunakaa naye ofisi moja na kwao ni Kisarawe, alisema atatushinda tena. Alilisema taratibu huku akinimegea kashata yake. Ndiyo ubaya wa Latifu. Ni mtu mgumu kugombana naye.

Nikasimama. Nikasema hakuna anayeshinda mara tatu kwa mikono mitupu, kuna wizi hapo. Wakataka ushahidi. Nikasema uko njiani. Kusema kweli ulikuwa bado haujaamka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia bosi ule ugonjwa wa jana umezidi. Nikapanda basi kwenda Kisarawe kuipeleleza gereji ya Firdausi. Mpango: kujifanya muuza matairi.

Kule juu hewa ni nyingine. Mawingu yamekaa karibu na mapaa, watu wanatembea kama hawana wanakokwenda. Nikapita gereji bila kuiona, nikarudi, nikapita tena.

Firdausi alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Kabla sijataja tairi hata moja, sauti kutoka chini ikaniomba nishike tochi. Nikashika. Mwanga ukaingia tumboni mwa gari, na mle ndani vyuma vilikuwa vimelala kimya kama ng'ombe walioshiba. Vumbi linaelea. Spana inagonga, inanyamaza, inagonga. Nikajiona nimekaa kwenye kiti kile, mkono kwenye usukani, Mzenga nzima inanipungia leso. Nilipozinduka jua lilikuwa limeshahama ukuta na Firdausi ananishukuru.

Wizi niliukumbuka wakati wa kuaga. Pembeni palikuwa na dumu limefunikwa kitambaa cheupe. Mafuta ya magendo, nikajua. Nikasema nina kiu. Akanimiminia.

Uji wa ulezi. Nimekunywa vikombe viwili, kwa ajili ya uchunguzi.

Nyumbani Laurensia, mke wangu, aliuliza bosi anasemaje juu ya ugonjwa. Nikasema niko kazi maalumu, adui ni mjanja kuliko nilivyofikiri. Akauliza kama ni huyo adui aliyenipaka grisi sikioni.

Ijumaa, 15 Agosti

Ukaguzi uwanjani. Magari yamepangwa kama maharusi, yameoshwa, yamebandikwa namba. Nilizunguka katikati yao nikinusa petroli. Kuna watu hupenda waridi.

Usingizi wa jana ulikuwa umeniletea jibu: uzito. Gari la Firdausi linapaa kwenye kona kwa sababu ni jepesi kupita sheria. Nikamfuata mkaguzi mkuu, mzee mwenye miwani, nikampa shikamoo nzito na kumnong'oneza. Akaitikia marahaba, akaagiza gari la Kisarawe lipimwe.

Uzito sawasawa. Linazidi hata kidogo.

Hapo mkaguzi akasema sheria ni sheria: likipimwa moja, yapimwe yote. Wakapima la Melkiori. Jepesi mno. Wakafungua nyuma, hakuna tairi la akiba, hakuna jeki, na siti ya nyuma imeng'olewa, imewekwa picha ya siti. Sitanii. Picha, imebandikwa kwenye ubao. Melkiori alitazama angani muda mrefu. Ameongezewa muda wa adhabu, ataanza mbio akiwa nyuma.

Nimetafakari. Wizi wa Kisarawe ni wizi. Wetu ni ubunifu.

Kijiweni wenzangu walikuwa wanatafuta mtu aliyekwenda kuchokoza habari za mizani. Nilikasirika kuliko wote. Nilipendekeza msaliti huyo akipatikana anyimwe kahawa mwaka mzima. Pendekezo limepita bila kupingwa. Latifu alikuwa ananitazama tu juu ya kikombe chake.

Jumamosi, 16 Agosti

Msimbu. Latifu alinibeba kwa pikipiki yake. Tulikaa kwenye tuta kando ya barabara, chini minazi, juu anga tupu. Kwanza kimya. Kisha sauti nyembamba kama nyuki kwa mbali. Kisha gari. Kisha vumbi, na ndani ya vumbi unasikia bado linakwenda, linakwenda, mpaka hujui kama unalisikia au unalikumbuka. Mimi na Latifu tuliacha kubishana. Alipopita Firdausi nilipiga makofi kwa bahati mbaya.

Melkiori ameendesha kama mtu anayefukuzwa. Jioni ilipotangazwa hali ya mashindano alikuwa wa tatu, nyuma ya Firdausi anayeongoza na dereva mmoja wa Dar ambaye hakuna anayemjua. Kesho lolote linawezekana.

Ila kuna jambo. Mchana baada ya magari kupita nilimwomba Latifu tupitie Mzenga, tukaione njia ya kesho. Yeye akabaki dukani kunywa soda, mimi nikatembea mpaka njia panda iliyo kando ya shamba la mihogo la Bi Mwanaasha. Pale kamati imesimamisha mshale. Unaonyesha kushoto.

Nikasimama mbele ya mshale ule. Kushoto njia inapanda, nyembamba, ya mawe. Kulia ni pana, laini, inateremka vizuri chini ya miembe. Mtu gani mwenye akili angeyapitisha magari kushoto? Mtu wa Kisarawe. Wameugeuza. Wageni wapotelee kwenye mawe, Firdausi apite kulia peke yake.

Nikaurudisha kulia. Parafujo moja tu, na bisibisi ninayo mfukoni.

Bi Mwanaasha alikuwa anachuma kisamvu. Nikamwamkia, akaniuliza natengeneza nini. Nikasema mimi ni wa kamati. Akasema, "Mwanangu, huku kulia kunaishia bondeni kwenye magimbi yangu. Njia ya gari ni ile."

Wamemnunua hata bibi wa watu. Nilimwonea huruma.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nimekalia mto wa kulalia. Sehemu nyingine za mwili hazitaki kiti.

Mimi na Latifu tulipanda kilima ambapo njia panda yote inaonekana, na bonde pia. Asubuhi nyeupe, ukungu bado umelala kwenye magimbi. Nilikuwa na furaha tulivu, kama mtu aliyefanya wema bila kujitangaza.

Firdausi alifika wa kwanza. Hata hakuupunguzia mwendo mshale wangu. Msoma ramani wake ana njia kwenye karatasi, akakata kushoto, akapanda mawe kama mbuzi. Nikamwambia Latifu umeona, anaujua mtego wao. Latifu akauliza mtego gani.

Dereva wa Dar naye kushoto. Hapo nikahisi ubaridi kidogo.

Halafu Melkiori. Alikuwa anakuja kwa kasi ambayo sijaiona maishani. Baadaye msoma ramani wake alieleza kwamba alipiga kelele kushoto, kushoto, lakini Melkiori aliuona mshale, akauamini. Akaenda kulia. Laini, pana, chini ya miembe. Akazama kwenye ukungu. Tulisikia injini, kisha tukasikia maji, kisha hatukusikia kitu.

Nilikimbia. Sikumbuki kilima kilivyoteremka. Latifu nyuma yangu ananiita jina, Ambokile, Ambokile, angalia miguu. Gari lilikuwa limelala ubavu kwenye matope, mlango wa juu umebonyea, haufunguki, na maji ya mfereji yanaingia polepole kwa chini. Ndani Melkiori na msoma ramani wake, wazima, lakini nyuso zao zimebandikwa kwenye kioo. Nilivuta mlango. Nilivuta mpaka kitasa kikabaki mkononi.

Njia ya kushoto huzunguka na kupita juu ya bonde. Firdausi aliona kutoka kule. Akasimama. Akateremka kwa miguu, kamba begani, kofia bado kichwani. Dereva wa Dar aliyekuwa nyuma yake akapita. Nilisikia gari lake likipotea.

Melkiori alimsemesha kupitia ufa wa kioo. "Dada, nenda. Unapoteza mbio."

"Mbio zipo mwakani," alisema Firdausi. "Funga macho, navunja kioo."

Tukawatoa mmoja mmoja. Kisha tukavuta gari: Firdausi, Latifu, Melkiori, wanakijiji, na mimi mbele kabisa, matope kifuani, nalia. Nilisema ni jasho. Firdausi alinitambua. Aliniambia kwa utaratibu kwamba mimi ni mshika tochi mzuri, ila kamba naishika vibaya.

Watu wa kamati walipofika walishangaa mshale umegeukaje. Bi Mwanaasha akasema wamwulize mwenzao, ndiye huyu alikuja jana kuutengeneza. Wote wakanigeukia. Sikuwa na pa kujificha, bonde zima ni magimbi na yalikuwa yamelazwa chini.

Latifu ndiye aliyesema. "Ni rafiki yangu. Kichwa chake huwa kinatangulia, yeye anakifuata baadaye. Hakutaka mtu aumie."

Melkiori alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyoitazama ile anga ya Ijumaa. Kisha akasema nimshukuru yule dada. Basi. Ingekuwa amenipiga ningelala vizuri zaidi.

Hukumu: nisikanyage njia ya mashindano mpaka mwakani, na leo hiihii nimpandie Bi Mwanaasha magimbi yake upya. Latifu naye alivua viatu akaingia. Tulipanda mpaka jua likawa jekundu. Bi Mwanaasha alikaa ukingoni akitusahihisha.

Mshindi ni yule wa Dar. Hakuna aliyeshangilia.

Jumatatu, 18 Agosti

Mgongo umekataa. Laurensia amenipaka mafuta ya nazi bila kuniuliza lolote, jambo linalotisha kuliko maswali.

Kijiweni sasa wanajua yote, na mizani pia. Kahawa nimenyimwa kwa pendekezo langu mwenyewe. Latifu alinunua yake, akaniletea ofisini kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamwambia nimejifunza. Nilimaanisha. Nikasema kuanzia leo nitaangalia mbio kama mtu anavyoangalia machweo, bila kutaka kuyarekebisha. Akafurahi, hata macho yakalowa.

Tulikaa hivyo, feni inazunguka, na nikaanza kuendesha tena. Taratibu. Bila mshale wowote.

Kisha Latifu akafungua simu kunionyesha picha za jana. Firdausi na Melkiori wamekaa juu ya boneti moja, matope mpaka kope, wanacheka. Picha nzuri. Inayofuata, mshindi wa Dar na kikombe chake.

Nikaitazama. Nikaikuza. Nikamwuliza Latifu kama haoni kitu. Akasema haoni.

Gari lake halina vumbi. Limetoka Msimbu, limetoka Mzenga, na linang'aa kama sahani ya wageni. Latifu akasema labda limeoshwa kabla ya picha. Labda. Lakini huenda pia ni magari mawili yanayofanana, moja la kukimbia na moja la kupokea kikombe.

Nimemwambia bosi ugonjwa umerudi. Jumatano naenda Dar, kwenye gereji ya huyo bwana, kutazama tu. Latifu aliweka kichwa mezani muda mrefu. Alipokiinua alisema ataomba ruhusa twende wote, kwa sharti moja: nisiguse kitu.

Nimekubali kwa moyo mweupe. Bisibisi nimeitia kwenye hotipoti, chini ya wali.