Herufi N ya Gari la Shemeji

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Asubuhi amefika shemeji Jilala kutoka Ipililo. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, Justina. Kaja juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Mwaka huu kawauzia wanunuzi binafsi na msimu umemkubali. Kanywa uji, halafu kasema anataka gari. Si lori. Gari dogo la familia, milango minne, lisiwe kubwa wala finyu, la kumpeleka mama yao kliniki ya macho Nyalikungu. Ila hajui achukue jipya au mtumba. Kasema niamue mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa magari.

Mtu wa magari! Justina akaitikia kwa kichwa, uso umemng'aa. Ukweli ni kwamba nilitunza stoo ya vipuri ya chama cha ushirika miaka kumi na sita, mpaka walipotupunguza. Plagi naijua. Fenibelti naijua. Vyote vikiwa ndani ya boksi. Kuendesha sijawahi. Wakati namchumbia Justina nilimwambia niko idara ya magari, na sijaona sababu ya kufafanua.

Jilala kaongeza jambo. Gari likipatikana litalala hapa kwangu, Bariadi mjini, na dereva wake nitakuwa mimi. Naliandika ili nilisome tena. Mwaka na nusu sasa nashinda kibarazani huku Justina anashona sare za watoto wa watu. Naona aibu, na aibu hiyo haijanipa likizo hata siku moja. Nikiwa dereva nitaamka nikiwa na pa kwenda. Kuendesha nitajifunza wiki hiyo hiyo. Si kazi ngumu, hata Thomasi anaweza.

Thomasi ni jirani yangu. Alikuwa dereva wa ushirika, tukapunguzwa siku moja. Jioni kapita kuuliza kama kuna habari yoyote ya kazi mjini. Nimemwambia hakuna.

Jumanne, 8 Agosti

Nimenunua daftari la kurasa arobaini na kuandika vigezo. Mlango ukifungwa, sikiliza sauti. Buti liingie magunia mawili na mbuzi mmoja. Tumbo la gari lisikwaruze njia ya Ipililo. Viti vya nyuma viingie watu watatu.

Kigezo cha tano ni mkwe. Mayu Benedikta, mama wa Justina, ni mama mkwe wangu, na kwetu mkwe hakaribiwi. Tukikutana njiani mmoja wetu anachepuka kwenye majani. Kukaa naye bega kwa bega haiwezekani. Nimewaza sana nikapata jibu: dereva anatazama mbele, mkwe anakaa nyuma, hakuna anayemwona mwenzake. Kwa hiyo hata mila inataka mimi nishike usukani.

Leo tumeanza na jipya. Wakala kutoka Mwanza kalileta kuwaonyesha wanunuzi wa pamba, kaliegesha mbele ya nyumba ya wageni. Viti bado vina nailoni. Nimepiga teke magurudumu yote manne na la akiba. Nimefungua boneti nikatikisa kichwa. Wakala akaniomba nijaribu kuliendesha. Nikamwambia nimeteguka mguu, nikachechemea kidogo. (Nikumbuke: mguu wa kushoto.)

Karatasi ya wakala imeandika kwamba gari ni aina ya saluni. Jilala akauliza kama ndani wananyoa. Wakala hakucheka. Akaeleza kuwa gari lina dhamana ya mwaka mzima. Jilala akauliza fundi wa dhamana yuko wapi. Yuko Mwanza.

Kisha Jilala akalizunguka polepole, akachuchumaa, akalitazama kwa nyuma, akaliwekea kiganja ubavuni. Anakagua namna anavyokagua ng'ombe mnadani. Alipotajiwa bei akaigeuza kuwa ng'ombe kichwani mwake, akihesabu kwa vidole. Hatimaye akasema kwa ng'ombe wote hao, gari hilo lilipaswa kuzaa.

Nimeandika: jipya, hapana.

Alhamisi, 10 Agosti

Mtumba uko uani kwa Shigela, mfanyabiashara wa chumvi na ngozi. Soko huria limemfungua macho, sasa anaingiza na magari kutoka Japani. Mwenyewe kasafiri, atarudi Jumamosi. Nimempata mkewe, Wilhelmina, anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, kwenye mkeka. Kanikaribisha vizuri, kanipa kiti. Nikasema ninakwenda kukagua peke yangu, ukaguzi unataka utulivu.

Gari ni jeupe, safi, milango minne. Mlango unafunga kwa sauti nzito. Buti linatosha magunia mawili, mbuzi sina hakika. Kuna kijikaratasi cha Kijapani kiooni, nimekinakili chote, sijui juu ni wapi.

Halafu nikatazama miguuni. Pedali ziko mbili. Nikahesabu tena. Mbili! Malori yote ya ushirika yalikuwa na tatu, vipuri vyake nimevitoa stoo kwa mikono yangu. Klachi haipo. Nimekaa ndani ya gari nikafikiri kwa makini, na jibu ni moja tu: imeibwa bandarini. Kwa mtunza stoo wa miaka kumi na sita, hili halihitaji uchunguzi.

Nimemuuliza Wilhelmina kwa mzunguko. Kasema mumewe analiita otomatiki. Nami niliwahi kuwa na saa otomatiki, ilisimama mwezi wa pili.

Jambo la pili ni gia. Hakuna moja, mbili, tatu. Kuna herufi zimepangwa: P, R, N, D, kisha 2, kisha L. Nimezinakili, nikarudi nyumbani, nikakaa nazo mchana kutwa. Kabla ya saa kumi nimezifumbua zote. R ni Rudi. P ni Pumzika. N ni Nenda. Mjapani kaona soko limefunguliwa, kajifunza Kiswahili. D ni Dharura, isiguswe ovyo. L ni Lala, ya kuegesha usiku. Hiyo 2 nadhani ni idadi ya abiria.

Justina kapita na cherehani yake, kauliza ninaandika nini. Nimemwambia ni kazi ya kitaalamu. Kaniwekea chai na kiazi, na nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 11 Agosti

Majaribio, mbele ya Jilala. Wilhelmina katoa ufunguo, kasisitiza tusitoke nje ya ua mpaka mumewe arudi. Hilo limenifaa, ua ni mpana na hauna trafiki. Nikachechemea kuelekea garini. Jilala akauliza kama mguu unaouma umehama. Nikasema maumivu yanatembea.

Gia ilikuwa P. Nikawasha, injini ikawaka mara moja. Jilala akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikavuta mkono wa gia mpaka N, nikakaza macho mbele, nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma. Halikwenda. Nikakanyaga zaidi, kuku wa Wilhelmina wakaruka juu ya ghala. Halikusogea hata kiganja.

Nikatulia. Nikarudisha gia kwenye R, nikagusa mafuta. Gari likarudi nyuma laini kabisa, likapita juu ya mkeka wa michembe, likasimama karibu na magunia ya chumvi. Lilisimama kwa sababu breki naijua. Kwa hiyo P inapumzika na R inarudi. Kusoma kwangu ni sahihi, ubovu ni wa gari.

Nimemtolea Jilala taarifa ya mdomo: nyuma linakwenda vizuri sana, mbele haliendi. Akafikiri. Akauliza kama lilitoka Dar es Salaam kinyumenyume. Nikamwambia lilipakiwa kwenye treni mpaka Shinyanga. Akauliza, na kutoka Shinyanga? Nikamwonyesha unene wa bati.

Wilhelmina alikuwa anaokota michembe, moja moja. Nilipomweleza kwamba klachi imeibwa, kasema hayo nikazungumze na mumewe kesho, na michembe pia.

Njiani nimemweleza Jilala mpango wangu. Ubovu huu ni bahati yetu. Kesho tutamwambia Shigela ashushe bei kwa ajili ya klachi, kisha nitaifunga mwenyewe. Ninayo. Ni pedali ya lori la ushirika, ilibaki mkononi mwangu siku tuliyofunga stoo. Jilala kasema atalitafakari neno hilo usiku. Namwona ameshavutika.

Thomasi alikuwa nje ya ua wa Shigela, ameegemea baiskeli, na kilo mbili za chumvi. Alikuwa anacheka peke yake. Mtu mzima.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika kwa sababu nilijiahidi kuandika kila jambo.

Nimeamka mapema, nimeisugua pedali kwa majivu mpaka ikang'aa, nimeifunga kwenye kitenge cha Justina. Yeye kanishonea kola ya shati iliyokuwa imetatuka, akasema dereva asionekane ovyo. Nimekwenda kwa Shigela kwa miguu. Sikuchechemea, nilisahau.

Nilipokaribia, lango lilifunguka na gari jeupe likatoka. Kwa mbele. Thomasi yuko kwenye usukani, mkono mmoja dirishani. Pembeni yake Jilala, nyuma Shigela mwenye mali, amerudi alfajiri. Wakazunguka mpaka sokoni, wakarudi, wakasimama mbele yangu. Thomasi akanisalimia kwa adabu, mwangaluka, nami nikamwitikia, kitenge kikiwa mikononi.

Kumbe jana jioni Thomasi alimfuata Jilala. Alimweleza kwamba gari la namna hiyo aliwahi kumwendeshea daktari wa mradi fulani, kwamba halina klachi tangu kuzaliwa, na kwamba herufi ya kwenda mbele ni D. Dharura! Mtu anatembea mjini kwa Dharura, asubuhi kweupe, na kila mtu anamtazama kama mtaalamu.

Shigela akauliza nimebeba nini. Nikasema mkate.

Wamekubaliana bei. Jilala kanivuta pembeni, kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Kasema gari litalala kwangu kama alivyoahidi, neno lake halirudi. Ila ataendesha Thomasi, kwa kuwa ana leseni. Akauliza kama na mimi ninayo. Nikamwambia iko kwenye karatasi za ushirika. Akasema haya, ngosha, kama tunavyoitana wanaume, na akanishika bega.

Justina ameshasikia.  Kafungua kitenge, kaitazama pedali, kaiweka chini ya mlango wa jikoni, ule unaojifunga na upepo. Unakaa vizuri. Nilitaka kumweleza yote, tangu siku za uchumba. Nikaanza na idara ya magari. Akasema anajua, alijua hata kabla ya harusi, baba yake aliuliza pale ushirika. Miaka yote hiyo. Nimeona aibu mpya, lakini hii ni nyepesi kidogo kuliko ile ya zamani.

Jumatatu, 14 Agosti

Safari ya kwanza ya Nyalikungu. Nimeliosha gari tangu saa kumi na mbili, mpaka ndani ya matundu ya magurudumu. Jilala kafika na Mayu Benedikta, amevaa kitenge kipya, macho yanamtoa machozi lakini anatabasamu. Nikachepuka nyuma ya mpapai, kama inavyotakiwa.

Thomasi akaketi kwenye usukani. Jilala mbele, na kiti cha mwenye gari hakiombwi. Mayu Benedikta nyuma, na upande wa pili Justina, maana ndiye atakayemshika mama yake mkono kliniki. Jilala akaniita nipande, nafasi ipo. Ipo kweli. Kigezo namba nne nilikiandika mwenyewe: watu watatu. Justina anahitaji dirisha, akikaa katikati hutapika. Nafasi iliyobaki ni katikati, bega kwa bega na mama mkwe.

Wote walielewa kwa wakati mmoja. Mayu Benedikta akajifunika kitenge usoni. Nikasema, nikiwa bado nyuma ya mpapai, kwamba mimi nina shughuli mjini. Wakaondoka. Laini kabisa, kwa D. Justina akageuka kunitazama mpaka kwenye kona. Nilibaki na ndoo. Katika gari nililolikagua siku mbili, kiti pekee nilichoweza kukaa mimi ni kile cha dereva.

Wamerudi saa tisa. Mayu Benedikta amepewa dawa na ametuma salamu kupitia Justina: gari limechaguliwa vizuri, aliyekagua apewe kuku. Nimempokea kuku. Sikuwa na nguvu za kusahihisha.

Jumatano, 16 Agosti

Siku mbili nimetafakari nilipokosea, kwa haki, bila kujipendelea. Kosa ni dogo sana. N si Nenda. N ni Ngoja. Ndiyo maana gari lilinguruma likangoja. Na D si Dharura, ni Dereva, ndiyo maana lilimtii Thomasi. Kati ya herufi nne kubwa nilipata mbili, na hizo mbili zilizobaki nimezipata leo. Njia yenyewe ilikuwa sahihi. Nimemweleza Thomasi. Kasema herufi hizo ni za Kiingereza. Nimemwacha na imani yake.

Mchana kaja katekista Josia. Parokia inataka kununua redio kubwa ya mtumba ya kwaya, yenye spika mbili, na amesikia kwamba gari la Jilala nilikagua mimi na limekwenda Nyalikungu na kurudi bila tatizo. Anaomba nikague na redio. Atakayeichagua vizuri ndiye atakayepewa kuitunza na kuiwasha kila Jumapili. Justina alikuwa mlangoni, karibu na pedali. Aliitazama pedali, akanitazama mimi. Halafu akarudi kwenye cherehani.

Nimekubali. Nimechukua daftari, bado lina kurasa thelathini na moja safi. Nimepita kuziona spika jioni. Nyuma ya moja wameandika L, nyuma ya nyingine R. Josia kauliza kwa wasiwasi kama najua maana yake. Nimemtuliza. Moja ni ya kulazwa chini, nyingine irudishwe dukani.