Lugha Zote kwa Kahambu

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamua. Nitamwoa Kahambu. Yeye mwenyewe bado hajaarifiwa, lakini hilo ni jambo dogo.

Hoja zangu ni hizi. Mimi ni mwanafunzi wa kigeni, nimetoka Kasulu, Tanzania, mpaka Kisangani kusomea misitu. Kahambu tuko naye darasa moja na kila siku anaangalia stetasi yangu ya WhatsApp. Kila siku! Baba yake pia huangalia, Papa Mbusa, Mnande wa Butembo kule milimani, muuza jumla. Basi njia ni stetasi. Kilichobaki ni kuchagua lugha.

Nimemwuliza Karima, mwenzangu wa Bujumbura, yeye huchaguaje. Maana dada huyu anaandika Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa siku moja na hatoki hata jasho. Amesema hachagui, anaangalia tu anaongea na nani. Jibu la mtu asiye na mkakati. Mimi ninao. Naanza na Lingala, vijana wa mji huu wote wanatongoza kwa Lingala.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi nimeweka: «Mwana kitoko, nalingi yo mingi.» Mrembo, nakupenda sana. Jina sikutaja. Akili hiyo!

Mwenye nyumba wangu, Mama Nicole, amejibu kwa moyo mwekundu. Mume wake amekuja kunijulia hali akiwa ameshika nyundo. Nikamweleza kwamba ni wimbo.

Jioni nimepita dukani. Papa Mbusa hakunipa hata kiti. Akauliza Lingala hiyo nimejifunzia kwenye kizuizi gani cha barabarani, maana yeye maisha yake yote akiambiwa neno kwa Lingala, ni mtu mwenye bunduki anataka kufungua mizigo yake. Akasema kijana wa heshima haandiki hivyo. Kahambu alikuwa pale pale, anahesabu sabuni, hakuinua macho. Sawa. Lingala nimeifuta. Mpiganaji hubadilisha silaha.

Alhamisi, 9 Mei

Kifaransa! Lugha ya wasomi. Safari hii nimeruka stetasi, nimemwandikia baba mtu moja kwa moja kwa laini yangu ya pili: «Monsieur le Grossiste, j'ai l'honneur de solliciter une entrevue concernant votre maison.» Naomba tuonane kuhusu nyumba yake. Ilikosa muhuri tu.

Mchana nimekuta duka limefungwa. Nikazunguka nyuma. Papa Mbusa anahamishia madumu ya mafuta kwa jirani, anatweta. Akaniambia kwa sauti ya chini nisaidie haraka, watu wa kodi wameandika.

Nimebeba madumu. Ningefanyaje?

Jeancy naye alikuwa anabeba. Huyu ni kijana wa Isangi, boti ya baba yake ndiyo inayopeleka bidhaa za Papa Mbusa hadi Basoko. Ana kile kisimu cha vibonye. Hana WhatsApp, hana stetasi, hana chochote. Tulipomaliza alikaa juu ya gunia akaanza kupiga soga na Kahambu, sijui habari gani, mto umejaa, mto umepungua. Nilimhurumia. Katika dunia ya leo, mtu kama huyu atampata nani?

Jumamosi, 11 Mei

Nimeamka na hasira, bila mkakati wowote. Nikaandika tu Kiswahili changu cha nyumbani: «Ndugu zangu, mmeamkaje? Moyo wangu umechoka, lakini sikati tamaa. Heri yenu mlio na wenu.»

Aisee! Mangobo nzima, mtaa wetu, imejibu «Amina». Mama Nicole ameniletea goti lake niliombee. Nimeliombea, ingawa sina uzoefu. Karima amecheka mpaka akakaa chini. Anasema watu hapa mitaani wana Kiswahili chao, na hiki changu wanakisikia kanisani na redioni tu.

Halafu, saa za jioni, ujumbe. Kahambu mwenyewe! «Kiswahili yako iko nzuri. Inatuliza roho.»

Nimeusoma hadi betri ikaisha.

Jumatatu, 13 Mei

Papa Mbusa ameniita nyumbani. Kiti, soda, samaki wa kuchoma, kwanga ya muhogo. Nikajua leo ndiyo leo. Nilivaa shati la mahafali.

Akasema kuna shida ya posa ya Kahambu. Familia ya Jeancy wameshafika, vijana wamekubaliana, ila tangu Pasaka wazee wameshindwana juu ya lugha ya mwaliko. Watu wa mto wanataka Lingala. Yeye Lingala haiingii kwake. Yeye anataka Kinande, wao wanasema hawawezi kualikwa kwa maneno wasiyoyasoma. Kifaransa wote wamekataa, hicho ni cha kuitwa mahakamani. Wasipoelewana mwezi huu, baba yake Jeancy anageuza boti.

«Sasa weye,» akaniambia. «Swahili yako haiko ya mutu wa hapa. Hakuna mwenye atakasirika.»

Jeancy! Yule wa vibonye! Nimelia njiani nikiwa nyuma ya baiskeli ya abiria. Dereva akasimama akidhani mguu umeingia kwenye spoku.

Lakini usiku umeniletea akili. Nitauandika. Nitauandika vizuri kiasi kwamba Kahambu akiusoma atajua nani anampenda kweli, na posa itavunjika yenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Nimeupeleka. Kazi ya siku mbili. Nimemsifu Kahambu kuanzia macho hadi hatua. Mwishoni nikaweka: «Wa mlimani na wa mtoni, maji tunayokunywa ni yale yale.»

Umesambaa kwenye stetasi za mji mzima. Baba yake Jeancy amesomewa akalia hadharani. Amemkumbatia Papa Mbusa, wamekubaliana mahari papo hapo, na wote wawili wanasema ni kwa sababu yangu.

Jumamosi, 25 Mei

Posa imefanyika. Mimi ndiye niliyesoma mwaliko mbele ya watu. Nilipigiwa vigelegele. Sauti ilinikatika mara moja, wakadhani ni ufundi.

Baadaye Kahambu alinifuata kwenye masufuria. Hakuwa anacheka.

«Nilikuwa nangoja unisemeshe,» akasema. «Siku yote ni kusoma stetasi, paka kusoma tu. Jeancy alikuya.»

Akarudi kukaa kwa mumewe mtarajiwa. Nilisimama pale na sahani yangu.

Nimelifikiria neno lake jioni nzima, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Nilichelewa kufika kwenye Kiswahili. Ningeanza nacho Jumatatu ile, leo ni mimi ninayetoa mahari.

Haitatokea tena. Dada yake Jeancy anaitwa Chimène, alikaa karibu yangu wakati wa chakula, akanimegea kwanga yake, akaniuliza Kasulu ni mbali kiasi gani. Sikumjibu, nilikuwa nahifadhi namba yake. Nyumbani kwao wanaongea Kilokele. Nimeshanunua mega za intaneti za mwezi mzima, na Mama Nicole anamjua mzee mmoja anayefundisha Kilokele kila Jumanne.