Tundu la Risasi kwenye Picha ya Babu

Leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kujikwaa sokoni ukainuka ukajipangusa. Nimeaibika makaburini, mbele ya ukoo mzima, katekista akiwepo, tena kwa kipaza sauti. (Kipaza sauti nilikileta mimi. Msianze kucheka, bado.)

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbinga mjini, na sikufundishwa na mtu. Nilifumua gauni la mama, nikaangalia lilivyoshonwa, nikalirudishia. Ndiyo tabia yangu. Nikitaka kujua kitu najifunza mwenyewe.

Sasa Babu yangu, mzaa baba, alifariki mwaka juzi. Ametuachia picha moja tu ya ujana wake. Amesimama wima kama mlingoti. Kaptula nyeupe, soksi ndefu mpaka magotini, kofia imelazwa upande, mkanda, filimbi shingoni, fimbo kwapani. Na mkononi juu? Mistari mitatu ya cheo!

Nikasema huyu ni askari.

Miezi mitatu simu yangu imekula bando kwa sare za kale tu. Nimelinganisha mifuko. Nimelinganisha vifungo. Jibu likaja: Babu alikuwa sajini wa keya, lile jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, na bila shaka alipigana kule Bama, yaani Burma, Vita vya Pili vya Dunia. (Hiyo "bila shaka" niliiongeza mimi.)

Nikatangaza kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Wote wakapiga makofi. Isipokuwa Baba mdogo Egno.

"Skola, una uhakika? Baba hakuwahi kunisimulia habari za vita."

"Mashujaa hawajisifu, Baba mdogo!"

"Basi tumuulize Mama."

"Bibi tusimsumbue! Nataka ajionee siku ya kaburi."

"Mh. Haya."

Ile "mh" ilinichoma mpaka mgongoni. Mtu anamtilia shaka baba yake mzazi! Nikatoka kwenye kundi kwa hasira. (Baada ya dakika kumi nikaomba kurudishwa. Nilitaka kuona wanasemaje.) Na kwa kuwa kibao cha kaburi nilishaahidi kukileta mimi, nikaenda kwa mchongaji nikamwambia, andika kwa herufi kubwa: SAJINI BENEDIKTO. Akachonga. Kwenye marumaru, jamani. Marumaru haina kifutio.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumjengea Babu kaburi. Nimeteremka na kibao mpaka Lipingo, kule ziwani, nimekipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Makaburi yetu yako nyuma ya nyumba ya Bibi. Bibi mwenyewe amekaa mkekani na kina mama wenzake, kitenge kipya, bakora pembeni. Katekista akasali. Fundi akapachika kibao kwenye saruji, tukakifunika shuka. Nikaomba neno.

Nikavuta shuka. Watu wakasoma. Kimya.

Mimi nikajua ni kimya cha heshima.

Nikainua picha ya Babu, nimeikuza mpaka imekuwa kubwa kama sinia. "Tazameni kofia hii! Tazameni mistari! Filimbi hii ni ya kuita kikosi. Na hiki kinachoning'inia kiunoni ni chupa ya maji ya vitani!"

Kwenye benchi la wazee mtu akakohoa. Ni Mzee Gaudens, aliyekua na Babu tangu utoto wao.

"Samahani, mjukuu. Hiyo chupa mbona ina tundu ubavuni?"

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikachemka. Huyu naye anamtilia shaka Babu yangu?

"Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo ni tundu la risasi!"

"Marahaba. La risasi?"

"La risasi! Ilipiga chupa badala ya kumpiga Babu! Bila chupa hiyo ukoo huu wote usingekuwepo!"

(Nimeitunga palepale. Na nikaiamini palepale. Machozi yalishaanza kunilenga.)

Likatoka cheko moja benchi la wazee. Likafuata la pili. Halafu mkeka wa kina mama wote ukaanza kutikisika. Nikamgeukia Bibi. Amejifunika kitenge usoni, mabega yanaruka. Hapo damu ikapanda kichwani.

"Mmemliza Bibi yangu! Wazee wazima, hamna adabu!"

Ndiyo. Nimesema hivyo. Kwa kipaza sauti.

Bibi akafunua uso. Alikuwa halii hata kidogo.

"Mke mwenzangu," akaniambia. (Ndivyo anavyoniita tangu nimezaliwa. Mume wake ni mume wangu.) "Hebu lete hiyo picha hapa."

Nikapeleka. Akaweka kidole penye chupa.

"Hiki ni lipenga. Kibuyu. Hapo kwenye tundu wanabandika utando wa buibui, ukiimbia ndani kinalia. Mume wetu alikuwa anacheza mganda."

Mganda! Jamani! Ngoma yetu wenyewe ya ziwani! Wanaume wanajipanga mistari, wanatembea kijeshi, wanapeana vyeo: kapteni, sajini, daktari, mpaka polisi wanaye. Nimeuona mganda tangu natambaa. Tena mwaka jana nimewashonea kaptula nyeupe kikundi kizima! Kwa mikono yangu hii! Ila hao wa siku hizi wanavaa na fulana, sasa mimi nitajuaje... (Basi, basi. Sina utetezi.)

"Na vita vya Bama?" nikauliza kwa sauti ndogo. Kipaza sauti hakijui sauti ndogo.

Baba mdogo Egno akajibu taratibu. "Vita vile vinaisha, Baba anachunga mbuzi. Tarehe yake ya kuzaliwa si hiyo hapo kwenye kibao? Umeiandikisha mwenyewe, Skola."

Pale makaburini nafasi zilikuwepo. Nikatamani moja.

Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno. SAJINI. Nimemwandikia Babu yangu uongo juu ya kichwa chake, na watu watapita hapo wakimcheka yeye, siyo mimi. Hilo siliwezi. Mimi nichekwe, nimezoea, lakini siyo Babu. Nikamwambia fundi alete tindo, neno la kwanza lichongwe litoke, hata kibao kikipasuka. Fundi akainama kwenye mfuko wake.

Bibi akapiga bakora chini. "Weka hiyo tindo!"

Fundi akaiweka.

"Mistari hiyo mitatu nimeishona mimi. Kikosi kilimpandisha cheo, na hana wa kumshonea, mama yake hayupo. Akaja kwetu na mbasa wawili, amewashika hivi, samaki wenyewe bado wanarukaruka. Akasema, dada, nishonee cheo changu. Nikakata gauni langu jekundu la Pasaka. Mama alinichapa! Jumapili yake nikaenda kumtazama akicheza, na sikurudi tena kuwa mtoto." Akanitazama. "Asipoitwa sajini, mimi niliolewa na nani?"



"Na wewe," akaendelea, "fundi mzima, miezi mitatu unaitazama, hukuona mishono imekwenda upande?"

Nikaangalia. Imekwenda upande. Mstari wa chini karibu udondoke. Nikamkumbatia Bibi nikalia kweli, katekista akawa anafuta miwani, na neno likabaki kwenye kibao.

Ingeishia hapo mngenionea huruma tu. Lakini Mzee Gaudens akasimama. Kumbe kwenye kikosi cha Babu yeye ndiye alikuwa polisi. Na mganda una sheria zake: anayeharibu mbele ya kikosi anaadhibiwa.

"Askari Skola! Umewatukana wazee hadharani. Simama wima!"

Nikasimama. (Ningefanyaje?)

Akatuma lipenga liletwe kutoka nyumbani kwake. "Utazunguka nyumba ya sajini mara tatu, unatembea kijeshi, unapiga!"

"Mzee, mganda si wa wanaume?"

"Matusi nayo ni ya wanaume?"

Nikapuliza. Ukatoka upepo na mate. "Usipulize, imba ndani!" benchi zima likafoka. Nikaimba. Kikatoka kitu kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Basi ndivyo nilivyozunguka, gauni la msibani, viatu vya kisigino mchangani, kina bibi wanapiga vigelegele, na Baba mdogo Egno, mtu mpole yule, ananitangulia kinyumenyume na simu yake, anarekodi. "Kushoto! Kulia! Sajini anakuangalia!"

Kwa hiyo mkiiona hiyo video, ipiteni tu kama hamkuiona. Na kama kwenu kuna picha ya zamani, na mjane wa huyo mtu bado yuko hai, anasikia, anakula ugali wake, simu iacheni. Kaeni naye mkekani mumuulize. Angalau mtacheka mkiwa wawili tu.