Mstari Wangu na Nukta za Mpimaji

Jumatatu, 6 Mei
Namshukuru Mungu, bado nina kazi! Mkataba unaisha mwezi huu. Profesa kasema waziwazi: Ijumaa mstari wa hesabu zangu ukikubaliana na vipimo, nabaki. La sivyo, nikabishe hodi kwingine.

Kazi yenyewe: watu wa maabara wanapiga deuteroni, yaani protoni na nyutroni zilizoshikana, kwa protoni nyingine mpaka inavunjika. Vipande vitatu vinaruka. Wao wanapima vilikokwenda, mimi nakokotoa vilipaswa kwenda wapi. Kila mwezi, kila upande hufunga mchoro wake kwenye bahasha hadi siku ya kulinganisha, safari hii Ijumaa, asiwepo wa kumfuatisha mwenzake. Wasomi wazima, tunafichana kama watahiniwa!

Nimechapisha mstari wangu leo. Una kilima katikati. Siupendi hata kidogo.

Jumanne, 7 Mei
Mpimaji, mkuu wa maabara na hasimu wangu, huniita Mtabiri. Leo amekuja kwa upole. Meza yake inatikisika, akaomba karatasi nisiyoihitaji. Nikampa mstari wa jana, nikaukunja mwenyewe mara nne na kuupachika chini ya mguu wa meza. Kashukuru. Nikajishukuru na mimi. Ukarimu huu sijui niliutoa wapi.

Jumatano, 8 Mei
Ashukuriwe aliyetununulia printa moja kwa ofisi mbili! Nimekuta mchoro wa Mpimaji umelala kwenye trei ya chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Nukta za vipimo vyake zote ziko chini, hakuna kilima!

Nikarudi mbio kwenye hesabu zangu. Kuna nguvu ambayo haipo mpaka chembe zote tatu zikutane. Ni kama umbea: wawili wa kusema, mmoja wa kusemwa. Nikaizidisha mara nne. Sababu? Tamaa tu. Mstari ukapita kwenye kila nukta. Nilikaribia kulia.

Alhamisi, 9 Mei
Nimefunga bahasha. Dada, ninayeishi kwake, kaniuliza mbona naimba bafuni. Nikamweleza. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Dada hajui fizikia. Hata hivyo namshukuru, kanipigia shati pasi.

Ijumaa, 10 Mei
Balaa!
Bahasha zimefunguliwa. Nukta za Mpimaji zina kilima! Mstari wangu umepita chini huko, peke yake. Kumbe jana aligundua kigunduzi kimoja, chombo cha kunasa vile vipande, kilikuwa kimesogea nyuzi mbili. Akakirudisha, akapima upya. Ule mchoro wa printa ulikuwa wa makosa.

Profesa akavua miwani. Akasoma hesabu zangu, akauliza ile nguvu niliizidisha kwa msingi gani. Nikakohoa. Nikaomba maji. Nikayanywa yote.

Mpimaji akanitazama, kisha akatoka. Akarudi na karatasi yenye alama ya mguu wa meza. Akaikunjua juu ya nukta zake. Mstari wake ulipita katikati ya kila moja! Na karatasi ilikuwa na tarehe ya Jumatatu. Akamwambia Profesa kwamba hesabu ya kweli ni hii, na kwamba Mtabiri ni hodari asipokuwa mjanja. Alijua kwamba nilichungulia! Anaijua trei ile kuliko mimi.

Profesa akavaa tena miwani. Mwisho akasema nabaki, ila nadharia isiyokubali kukosea haimfundishi mtu kitu. Nilimshika Mpimaji mikono yote miwili. Nilikuwa na adui mwema namna hii na sikujua. Mungu ambariki, yeye na meza yake.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeamka na shukrani tele. Dada kauliza nimejifunza nini. Nikamjibu: mengi sana. Nimetafakari kutwa nzima, kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona wazi.

Nilichungulia mapema mno. Mwezi ujao nitachungulia Alhamisi, akishamaliza kurekebisha.